Keycloak kwenye biro yetu Bukavu, uzoefu wangu

Mimi ndo nashughulikia kompyuta za shirika moja hapa Ibanda na Keycloak, programu inayomwezesha mtu kuingia kwenye programu zote za biro kwa akaunti moja, nimeizoea sasa, naweza kuisema vizuri. Kabla yake kila programu ilikuwa na akaunti zake, uhasibu zake, faili zake, stoku zake, watu wanaandika paswedi kwenye karatasi wanabandika chini ya kibodi. Na mradi ukiisha mtu anarudi kwao Uvira ao anaenda shirika lingine, akaunti zake zinabaki wazi ju hakuna anayejua zote ziko wapi, hiyo ilikuwa inanikosesha usingizi kabisa. Leo mtu anaingia mara moja, programu zote zinamtambua, akiondoka nafunga sehemu moja. Ila ukimfunga futa pia sesheni zake, yaani pale alipokuwa ameshaingia, maana kuna programu zinaendelea kumpokea mpaka muda wake uishe.

Nachopenda sana ni zile namba 6 za kwenye simu zinazobadilika kila sekunde 30, unaziandika baada ya paswedi. Hazitumwi na mtu, simu inazitengeneza yenyewe kwa siri iliyopewa siku ya kwanza ulipopiga picha ya QR, pamoja na saa yake, basi hata kama hauna mega wala unite unaingia. Kwetu huku ambako SMS inaweza kufika kesho hiyo ni kitu kikubwa jamani. Lakini saa lazima iwe sawa pande zote: umeme ukikatika, seva (kompyuta inayobeba Keycloak) ambayo kabetri kake kadogo ka kutunza saa kamekufa inawaka na tarehe ya zamani, namba za watu wote zinakataliwa na kila mtu anadhani simu yake imeharibika. Badilisha betri, halafu uiache seva ichukue saa kwa NTP, yaani isawazishe saa yake yenyewe kupitia mtandao.

Ubaya wa Keycloak, imeandikwa kwa lugha ya Java, inakula RAM (memori ya kompyuta) sana. Na ikilala biro nzima iko nje, kwa hiyo yetu tumeiweka kwenye betri za sola na kila usiku tunanakili database yake ya PostgreSQL, ambamo akaunti zote zinahifadhiwa. Kingine ambacho sikipendi kabisa, ulinzi wa kumzuia mtu anayebahatisha paswedi bila kuchoka unakuja ukiwa umezimwa! Uwashe siku hiyo hiyo.

Bei hakuna, kampuni ya Red Hat waliitoa 2014 na iko wazi kwa wote, ukurasa wa kuingia uko na Kifaransa, mama wa uhasibu hakuhitaji kufundishwa. Kama muko watu watatu na programu moja tu, achana nayo, lakini mukifika programu nne tano muiweke.