CrystalDiskInfo: manjano inasema nini, na buluu inaficha nini

Kompyuta ikianza kuganda kila unapofungua folda, mafundi wengi wa Windows hufungua kwanza CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure ya kukagua afya ya diski, imeandikwa na Mjapani anayejiita hiyohiyo, na toleo lake la ZIP linafanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kusakinishwa. Hilo ni jambo kubwa unapokagua laptopu iliyotumika ukiwa bado dukani na hela zako ziko mfukoni. Kwa sekunde chache unaona joto la diski, saa ilizofanya kazi, mara ilizowashwa, na neno moja lenye rangi: buluu ni Good, manjano ni Caution, nyekundu ni Bad. Kijivu maana yake programu haikupata cha kusoma.

Kasoro yake iko kwenye hilo neno moja. Kwa diski ya sahani zinazozunguka, manjano huwaka pale namba ghafi ya 05, C5 au C6 inapofika 1. Hivyo ni vipimo vya SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, na hivi vitatu huhesabu sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zenye matatizo. Kwa hiyo sekta moja iliyohamishwa miaka mitatu iliyopita na sekta elfu mbili zilizokufa wiki hii zinapewa rangi ileile. Nyekundu nayo huchelewa mno, kwa sababu inafuata kizingiti cha mtengenezaji. Diski nyingi za WD huanza na alama 200 kwenye 05, na kizingiti chake ni 140, kwa hiyo diski inaweza kupoteza sekta nyingi sana kabla ya mtengenezaji kukubali kuwa ni mbovu. Ndiyo maana smartctl, programu nyingine ya kusoma SMART kwa kuandika amri, nayo huandika PASSED juu ya diski ambayo hata kunakili picha haiwezi.

Achana na rangi, nenda safu ya mwisho kulia, Raw Values. Hapo kuna mtego mwingine: namba huonyeshwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. Ukiona C5 ina 64, hizo ni sekta 100. Badilisha kupitia Function, Advanced Feature, Raw Values, kisha 10 [DEC].

Ila kwa Seagate, 01 (makosa ya kusoma) na 07 (makosa ya kutafuta mahali pa data) zisome zikiwa bado za heksadesimali. Tuseme 01 inaonyesha 000009C4B1F0. Tarakimu nne za mwanzo ndizo makosa, nane zinazofuata ni idadi ya shughuli zilizofanyika. Hapa makosa ni sifuri. Ukiigeuza kuwa desimali unapata 163,885,552, na mtu asiyejua atakimbia kununua diski mpya. BC, kipimo cha amri zilizopitiliza muda, nayo ina ugonjwa huohuo: 4295032833 inatisha, kumbe ni vihesabio vitatu vilivyobanwa pamoja, kila kimoja kikiwa na 1.

Namba zenye uzito ni chache. 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba ya diski. C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua hatima yake. C6 ni zilizoshindikana wakati wa ukaguzi wa ndani. Kwenye diski za sekta za baiti 4,096 mara nyingi utaona hesabu ikiruka kwa nane nane, maana sekta moja halisi ina nane za kimantiki. Kwa hiyo 8 huenda ni jeraha moja tu. Binafsi naiogopa C5 kuliko 05: sekta iliyohamishwa imeshashughulikiwa, inayosubiri ina faili lako ndani. Tena, 05 yenye 24 isiyosogea miezi sita ni afadhali kuliko yenye 3 jana na 11 leo. BB, yaani makosa ambayo diski imeshindwa kuyasahihisha na kuyaripoti kwa kompyuta, ni ushahidi mzito pia, lakini rangi haiihesabu. 0A ikipanda, mota inahangaika kuanza kuzunguka. Hapo usiizime hadi umalize kunakili.

C7 ni kesi tofauti kabisa. Inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi, na mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA. Namba hii hairudi nyuma hata ukitengeneza tatizo. Iandike, badilisha kebo, nakili GB 50 hivi, uitazame tena. Ikiwa imesimama palepale, diski haina kosa. Event Viewer ya Windows inasaidia kutofautisha: tukio namba 7 kutoka chanzo disk linasema kuna bloku mbovu, namba 153 linasema ombi lilibidi lirudiwe. Namba 153 nyingi pamoja na C7 inayopanda zinaelekeza kwenye kebo au umeme.

Kinachokosekana kwenye CrystalDiskInfo, na kinachoipunguzia alama, ni kitufe cha kuendesha jaribio la ndani la diski. Hapo unahitaji smartmontools, kifurushi chenye ile smartctl:

smartctl -t long /dev/sda

Diski ya TB 1 huchukua takriban saa mbili. Kisha andika smartctl -l selftest /dev/sda. Ukikuta "Completed: read failure", 90%, 21034, 1465148, soma hivi: jaribio lilikwama mapema, asilimia 90 ikiwa bado, diski ilikuwa na saa 21,034 za kazi, sekta ya kwanza iliyokataa ni 1465148. Linganisha saa hizo na 09 (saa za kazi za diski) ya sasa utajua kosa ni la lini.

C5 ikiwa juu ya sifuri, usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Inailazimisha diski dhaifu kusomwa yote huku ikiandika humohumo. Nakili kwanza, na kama inakwama tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux:

ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img picha.map

Data ikiwa salama, andika sifuri diski nzima. C5 ikirudi 0 na 05 haikusogea, huenda umeme ulikatika katikati ya uandishi na uso wa diski ni mzima. 05 ikipanda, uso umeumia. C5 mpya zikitokea tena ndani ya siku chache, hiyo si diski ya kuhifadhi kitu.

Na buluu? Utafiti wa Google wa 2007 kwenye diski zaidi ya 100,000 ulikuta kwamba baada ya kosa la kwanza la ukaguzi wa uso, uwezekano wa diski kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Utafiti huohuo ulikuta zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na chochote kwenye viashiria vinne vikali vya SMART. Buluu inasema diski haijalalamika, basi.

Kwa SSD za NVMe sahau 05 na C5. Tazama Available Spare, Percentage Used, na Media and Data Integrity Errors. Hiyo ya mwisho inatakiwa kuwa sifuri.

Kwa diski ya mtumba, hata 09 haiaminiki moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake za SMART zikiwa zimefutwa. Saa za kwenye FARM, kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski za Seagate, zilibaki. Ile 09 ya CrystalDiskInfo ni ya SMART. Kwenye smartmontools 7.4 na kuendelea, smartctl -l farm /dev/sda inazitoa za FARM. Saa za SMART zikisoma 12 na za FARM zikisoma 25,000, rudisha diski kwa muuzaji.