Walivyoiosha Amplifaya Yangu Kama Zulia: Uzoefu Wangu na Wasafishaji wa Makochi, Mwanga, Kigoma

Nimengoja hasira ipoe kabla ya kuandika, na haijapoa. Kiangazi kilichopita niliwapelekea wasafishaji fulani wa makochi na mazulia, walioko Mwanga, amplifaya yangu ya gitaa ikiwa na doa la mawese lenye ukubwa wa kiganja. Niliporudishiwa, doa halikuwapo, lakini kitambaa kilikuwa kimebabuka na kunyanyuka kwenye pembe, na spika ilikuwa inakoroma.

Amplifaya hii haikuvikwa plastiki nyeusi kama nyingi tunazoziona makanisani. Imevikwa twidi, yaani kitambaa cha pamba chenye mistari ya mshazari na rangi ya manjano iliyofifia, kwa mtindo ambao kampuni ya Fender ya California iliutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi karibu na mwaka 1960. Kitambaa hicho si foronya ambayo mtu huivua, akaifua na kuirudishia. Kimegandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye mbao za sanduku. Cha kwangu hakikupakwa vanishi, kwa hiyo kinanyonya kila kinachokigusa. Mawese yalikigusa kwenye harusi moja upande wa Ujiji, pale sahani ya migebuka ilipopitishwa juu yake na mtu aliyekuwa na haraka.

Aliyenipokea ofisini ni bwana mmoja ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Aliniamkia vizuri, akaniita mzee wangu, akapokea shilingi 25,000 taslimu. Nilimweleza mambo mawili tu: kwamba kitambaa kisimwagiwe maji, na kwamba spika iliyo ndani ina koni ya karatasi. Akanijibu, "Ondoa shaka, mzee wangu, sisi tunaosha hata makochi ya ngozi." Jibu hilo lilipaswa kunishtua, maana ngozi na pamba iliyogandishwa ubaoni hazina undugu wowote, lakini nililiacha lipite.

Haki yao nawapa. Kabla ya hapo waliwahi kuosha kochi letu la watu watatu, likarudi safi, halina harufu, na kwa siku ile ile waliyoahidi. Kama ningekuwa naandika habari za kochi, ningewapa nyota zote tano, na hata ninapoandika sentensi hii naona kwamba huenda kosa ni la mtu mmoja na si la kazi yao yote.

Nilipokwenda kuichukua, bwana yule hakuniamkia. Niliikuta amplifaya uani, imelazwa chali juani, maji yakichuruzika kutoka mgongoni mwake, nayo inanuka dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Doa kweli lilikuwa limetoka, na rangi ya kitambaa ilikuwa imetoka pamoja nalo, likabaki baka jeupe kubwa kuliko doa lenyewe. Waliimwagia maji ya moto. Pamba ilipojikunja, gundi iliyolowa ikashindwa kuishika, kitambaa kikaachia pembe tatu kati ya nne.

Nikamwuliza ni nani aliyeifanyia kazi ile. Bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake akasema, "Mzee, hilo si sanduku tu? Ulitaka doa litoke, limetoka."

Sanduku tu! Miezi imepita na neno hilo bado linanichoma kuliko hasara yenyewe. Nimekulia katika mji huu nikisikiliza magitaa ya rumba kutoka ng'ambo ya ziwa kwenye redio ya baba, na sanduku hilo ndilo lililonipa, baada ya kudunduliza miaka mingi, sauti iliyokaribiana na ile niliyoisikia utotoni. Zaidi ya hayo, amplifaya yangu ni ya vali, yaani vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na kapasita (vipande vinavyotunza umeme) za amplifaya za namna hiyo zinaweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mtu aliyepitisha maji na mikono yake mgongoni mwake kwa dharau ya namna hiyo angeweza kuuawa na hilo "sanduku tu".

Kinachonitia uchungu ni kwamba kazi yenyewe haikuwa ngumu. Doa jingine dogo la mawese, lililobaki ubavuni, nililitoa mwenyewe. Nililinyunyizia wanga wa mahindi, nikauacha usiku kucha unyonye mafuta, asubuhi nikaupangusa kwa brashi laini. Kisha nilipiga sabuni ya maji hadi ikatoa povu, nikachota povu peke yake kwa sifongo, nikapitisha kwa kufuata mistari ya kitambaa, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo, nikifuta papo hapo kwa kitambaa kikavu, na mwisho nikaikausha kwa feni. Wekundu uliobaki ulififia taratibu kwa mwanga wa jua la asubuhi, kama mawese yafanyavyo kwenye nguo.

Hapo juu nimesema kwamba huenda kosa ni la mtu mmoja. Nalifuta neno hilo. Mwenye ofisi alikuwa ameketi chumba cha pili, mlango u wazi, anasikia kila kitu, na hakutoka hata kuuliza kuna nini. Kwa hiyo hata zulia la mlangoni sitawapelekea tena, na sitamshauri mtu yeyote awapelekee, iwe kochi au godoro. Pembe nimezigandisha upya na kuzibana kwa vibanio vya seremala siku nzima, na zimeshika. Spika bado inakoroma kwenye noti za chini, na baka jeupe linaonekana kila Jumapili kuanzia benchi la mbele hadi la mwisho.