Mwanza hadi Dar es Salaam kwa ndege: eti "KIA iko njiani"

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 850 angani, na ndege ya jeti huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ndiyo sababu mtu anakubali kutoa nauli ile badala ya kukaa kutwa nzima ndani ya basi, akizipima kilomita zaidi ya 1,100 za Shinyanga, Singida na Dodoma. Mimi nilitoa, tena nikalipia na uzito uliozidi, kwa kuwa nilikuwa na boksi la sato wa sherehe ya sendofu, lililofungwa Kirumba asubuhi hiyo kwa barafu ya kutosha safari hiyo na si zaidi.

Boksi lilipokwisha kupokelewa, nilimwuliza binti wa kaunta tutatua saa ngapi, akanitajia saa ambayo hata ndege ya pangaboi ingekuwa imekwisha kufika na abiria wamekwisha kutawanyika. Tiketi yangu iliandikwa Mwanza na Dar es Salaam tu. Nilipomwonyesha, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Tunapitia KIA, mzee wangu. KIA iko njiani." Yaani uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro.

Kwa kilomita sitashindana naye. Mwanza hadi KIA ni kama 470, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kama 450, kwa hiyo mzunguko wote unaongeza kilomita 70 hivi, ambazo ndege ikiwa juu huzila kwa dakika chache. Muda unaliwa chini: ndege ishuke, itembee hadi maegesho, wa Moshi na Arusha wateremke, wengine wapande, wahesabiwe, kisha ianze upya kupanda. Nikiwa dirishani nililiona boksi langu likishushwa pamoja na mizigo ya watu, likaachwa juani, na kona yake moja ikaanza kuchuruzika maji kabla hajatokea kijana wa kulirudisha.

Kwa haki, rubani alitua kwa ustadi, wahudumu wa ndani walikuwa na adabu, na nilikuwa nimeamua kusema kwamba huduma hii ni ya wastani, maana hata kwa kupitia KIA basi haliwezi kuikaribia. Lakini nilipokwenda kulalamika Dar es Salaam, nikiwa nimeshika boksi lililolowa na sato waliokwisha kulegea, nilijibiwa kuwa muda wa safari ni makadirio. Uzito wa barafu yangu mbona haukukadiriwa? Ulipimwa kwenye mizani hadi kilo ya mwisho, nikaulipia, na sehemu kubwa yake ikabaki KIA. Basi wastani huo naufuta. Wanirudishie kwanza fedha ya uzito uliozidi, ndipo tuzungumze habari za adabu ya wahudumu.