TAHADHARI: Wanaojaza mitungi ya kuzimia moto mitaani. Wangu haukufunguliwa kabisa

Ndugu zangu wenye vibanda vya chipsi, mama ntilie, mafundi wa kuchomelea na wenye maduka huku Mbagala na kwingineko Dar, naomba msome hadi mwisho.

Miezi minne iliyopita alinijia kijana amevaa kizibao cha reflekta, kitabu cha risiti mkononi. Akasema anakagua mitungi, wangu umepitwa na muda, nisipoujaza nitapigwa faini. Niliogopa. Akauchukua kwa pikipiki, baada ya nusu saa akaurudisha unang'aa: rangi mpya, stika yenye tarehe, mshale kwenye kijani. Nikampa shilingi 35,000.

Jumamosi usiku mafuta kwenye karai yalipata moto kupita kiasi, yakafuka, halafu yakawaka. Nikachomoa pini, nikabonyeza. Fyuuu! Upepo mtupu na vumbi kidogo kama la chaki. Basi. Dogo anayenisaidia alishainua ndoo ya maji, nikapiga kelele mpaka akaiacha. Jirani alifunga gesi, mimi nikasukumia sinia juu ya karai. Mkono umetoka malengelenge, ila kibanda kipo na watu wote wapo.

Ile ndoo ndiyo inayoninyima usingizi. Mafuta ya kupikia yanayowaka yameshavuka nyuzi 300. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama na kugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi mara 1,700 hivi ya maji yale. Mafuta yenye moto yangerushwa hadi darini, na dogo amesimama palepale. Sinia linauzima kwa kuunyima hewa. Msilifunue haraka, maana mafuta yakiwa bado na joto lile, hewa ikirudi tu yanawaka tena.

Jumatatu nikaupeleka mtungi kwa fundi wa kueleweka. Hauna gesi hata kidogo, lakini mshale bado uko kwenye kijani! Geji iliganda zamani. Akanionyesha pale kichwa kinapoungana na mtungi: rangi mpya imepita juu ya kiungo, haina hata ufa. Ilipasuka yeye alipokizungusha. Maana yake yule kijana alipaka rangi tu. Ndani unga umeshikana kama saruji iliyonyeshewa.

Unga ule, ambao kwenye mitungi mingi ya unga iliyoandikwa ABC ni monoamoniamu fosfeti, unapaswa kutoka kama wingu laini likisukumwa na naitrojeni. Moto haukai kwa joto, hewa na kitu cha kuungua peke yake. Ndani ya mwali kuna mnyororo wa kikemikali unaojiendeleza, na unga huukata huo. Ukishikana, gesi inatoka peke yake, nawe unabaki unaupulizia moto.

Fundi cherehani wa jirani alijaziwa na mtu huyohuyo. Wake tumeukuta na chokaa. Unga halisi hutiwa silikoni, ukiunyunyiza kwenye maji unabaki juu bila kulowa. Wake ulizama, maji yakawa meupe kama maziwa.

Yule kijana aliniambia pia kwamba mtungi huu "unazima kila kitu". Si kweli. Unga haupozi mafuta, yanaweza kuwaka tena hata ukiwa mzima. Mafuta ya kukaangia yana mtungi wake wa dawa ya maji, unaotengeneza utando kama sabuni juu yake.

Kwa hiyo akija mtu, mtungi ufunguliwe mbele yako na uone unga wa zamani ukimwagwa. Ukishajazwa, pima mtungi kwenye mizani, ulinganishe na uzito ulioandikwa ubavuni. Wa kabonidioksaidi hauna geji kabisa, hujulikana kwa uzito tu, kwa hiyo anayedai "amesoma mshale" wake anakudanganya. Malipo ya ukaguzi wa Zimamoto ni kwa namba ya malipo ya serikali, hayapokelewi mkononi. Ukiwa na shaka, nenda ofisi yao ya wilaya kabla hujatoa hela. Moto ukiwaka, piga 114.

Na kama mtungi wako ulirudishwa ndani ya nusu saa kama wangu, leo uangalie ile rangi kwenye kiungo cha kichwa.