Kupima unene wa sufu: ulipie njia ipi?

Mfugaji wa kondoo wa sufu kule Molo au Nyandarua akitaka ushauri wa kipimo, mimi humuuliza kwanza: unatafuta wastani tu, au unataka kujua nyuzi nene ni ngapi? Kinachowasha shingoni ni nyuzi zenye unene unaozidi maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zikifika kama asilimia 5, watu wengi huanza kujikuna. Sufu ya kondoo wawili inaweza kuwa na wastani uleule wa maikroni 22, moja ikavalika juu ya ngozi tupu na nyingine isivalike kabisa.

Kwa hiyo namba moja naipa maabara yenye Laserscan au OFDA100. Laserscan, iliyozaliwa CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la serikali ya Australia, hukata nyuzi vipande vya kama milimita 2, ikavipitisha ndani ya kimiminika mbele ya mwali wa leza. Kila kipande kikikatiza mwanga, unene wake unaandikwa. OFDA100 hutawanya vipande juu ya kioo, kamera ikavisoma. Zote hupima maelfu ya nyuzi na kukupa mtawanyiko mzima, yaani nyuzi za kila unene ni ngapi. Sioni sababu ya kugombania ipi bora. Chagua ile anayoikubali mnunuzi wako.

Namba mbili ni OFDA2000, mashine ya kubebeka hadi bandani kondoo wanaponyolewa. Hii naipenda sana kwa sababu husoma shungi la sufu kutoka ncha hadi shina, na pale unyuzi ulipokonda unaona miezi ambayo malisho yalikauka. Lakini hupima sufu ikiwa bado na mafuta yake, hivyo lazima irekebishwe kwa ajili ya mafuta hayo. Inafaa ushirika. Mwenye kondoo 40 asiinunue peke yake.

Tatu ni kipimo cha hewa: sampuli iliyooshwa hushindiliwa kwenye chemba, hewa ikasukumwa ndani. Sufu ya nyuzi nyembamba huizuia zaidi. Kinatoa wastani basi, na ukikitegemea kuuza sufu ya kuvaliwa mwilini utakuwa umenyamazia swali kubwa.

Hadubini ya kukuza picha mara 500 naiweka nne kwa mfugaji, maana mtu hupima unyuzi mmoja mmoja hadi macho yanauma. Kwa mtafiti ingepanda, kwani huonyesha hata nyuzi zenye uwazi katikati.

Jicho na vidole ni vya mwisho, ila ni vya bure: tandaza shungi juu ya kitambaa cheusi, nyuzi nene zitajitokeza zenyewe.

Njia yoyote utakayolipia, kata sampuli katikati ya ubavu. Ya pajani huwa nene zaidi na itakudanganya. Tena sufu hunywa unyevu na kuvimba, ndiyo maana hupimwa kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Maabara isiyojua unyevu wa chumba chake, usiiachie sampuli yako.