Maonyesho ya sarafu Kisumu: uzoefu wangu

Picha ya simu haikuonyeshi ukingo wa sarafu, wala haikupi uzito wake kiganjani. Kwa sababu hiyo nawahimiza wakusanyaji wenzangu wa huku magharibi wahudhurie maonyesho ya sarafu yakifika karibu nao, hata yakiwa madogo kama haya ya Kisumu niliyotoka juzi. Nayapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nitaieleza.

Yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Oginga Odinga Street. Kiingilio shilingi 200, wanafunzi bure. Nilikwenda na wenzangu wawili: mwalimu mstaafu wa Kakamega, ambaye sote twamwita Mwalimu tu, na Mzee wa Ahero ambaye hukusanya sarafu zenye tundu tu. Kwenda na watu wa aina hii ni faida kubwa kuliko kiingilio chenyewe, maana kila mmoja ana jicho lake, na muuzaji akiona mko watatu hathubutu kukuharakisha.

Tulianza na meza ya shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba aliyesimama mbele ya milima. Watu wengi huamini kwamba zote ni za madini ya fedha. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Ukubwa ni ule ule na simba ni yule yule, kwa hiyo usipojua miaka utalipia fedha isiyokuwapo. Mwalimu aliomba kitambaa, akalaza ya 1925 kando ya ya 1952. Ile ya 1925 ilikuwa ya kijivu kilichopoa, na pale mgongoni mwa simba, palipochakaa kwa kupita mikononi, rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya manjano kidogo. Ya 1952 ilikuwa nyeupe kote, hata palipolika. Kijana mwenye meza alikuwa ameandika "fedha" kwenye vibandiko vyote viwili. Mwalimu akamweleza taratibu, na yule kijana hakubisha, alitoa kalamu akarekebisha papo hapo. Nilimheshimu sana kwa hilo, na nikanunua kwake.

Meza ya jirani ndiyo iliyonikera. Shilingi zake zilimetameta utadhani zimetoka kiwandani asubuhi hiyo, na bei ilikuwa maradufu. Nilizitazama kwa lenzi. Kwenye uwanda mtupu ulio juu ya milima kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, na manyoya ya shingo ya simba yalikuwa yamelainika. Hiyo ni kazi ya kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Sarafu iliyosuguliwa hivyo imepoteza ngozi yake na hairudi, na mkusanyaji anayejua hulipa kidogo, halipi zaidi. Ninaumia zaidi nikifikiria kwamba sarafu hizo zilikaa miaka mia bila kudhurika, zikaja kuharibiwa na mtu aliyedhani anazisaidia. Waandaaji wangeweza kuwataka wauzaji waandike wazi kwamba sarafu imesafishwa.

Mzee wa Ahero alikuwa na shabaha yake: ndururu (senti tano) na peni (senti kumi) za 1936. Mwaka huo Edward wa Nane alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza Januari na kukiacha Desemba. Kule kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kuingia sokoni. Lakini sarafu za huku zenye tundu hazikuhitaji sura, palitosha jina lake na pembe za ndovu zilizolizunguka tundu, kwa hiyo zilichapwa kwa wingi na zikatumika. Mfalme ambaye Waingereza hawakupata senti yake mfukoni, babu zetu walinunulia chumvi kwa jina lake. Leo ndururu hiyo unaipata kwa bei ya soda mbili. Mzee alizigeuza moja moja akisoma herufi ndogo, kwa kuwa nyingine zina H, nyingine KN, na nyingine hazina herufi yoyote. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Alipoipata ya KN aliyokuwa akiikosa, alinyamaza kabisa, akalipa kabla hatujamuuliza bei.

Jambo bora la siku hiyo halikuwa mezani. Mama mmoja kutoka Nyakach aliingia na mkebe wa Kimbo aliorithi kwa mama mkwe wake. Mnunuzi mmoja alitikisa mkebe, akachungulia, akamwambia atampa 500 kwa zote. Mzee akasogea. "Mama, kabla hujapokea hizo, tuzihesabu pamoja." Tulitandika gazeti kwenye meza ya chai, tukazimwaga. Nyingi zilikuwa ndururu na peni zilizochoka. Halafu zikaanza kujitokeza: peni ya 1964, isiyo na jina la mfalme wala malkia, iliyochapwa baada ya uhuru na kabla Benki Kuu ya Kenya haijaanzishwa mwaka 1966, sumni (senti hamsini) mbili za simba za wakati wa Malkia Elizabeth, shilingi za Kenyatta za 1966 zenye kichwa peke yake, na nyingine za 1969 zenye maandishi yaliyoongezwa kumzunguka. Chini kabisa kulikuwa na shilingi tano ya 1973 yenye pembe tisa, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Mwalimu aliishika kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada tu, akamwonyesha yule mama namna ya kuishika vivyo hivyo.

Mama alisema alikuwa amepanga kuziosha kwa limau na majivu asubuhi ile ila alichelewa matatu. Sote watatu tulipumua. Aliuza baadhi ya sarafu hizo kwa meza tatu tofauti, akafikisha 3,800, na ile ya pembe tisa akairudisha nyumbani. Wauzaji wawili walimpa ushauri wa kweli bila kununua kitu. Kwangu mimi maonyesho yakiweza kumtendea mgeni hivyo, yamefaulu.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta vitu vya zamani zaidi. Palikuwa na sarafu ya shaba ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Imperial British East Africa, na mtalii mmoja alikuwa akiiulizia kwa hamu. Hakuna aliyemtajia kwamba sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kwamba kukitoa Kenya kunataka kibali. Kunong'ona hilo ni wajibu wa muuzaji.

Watoto walijazana kwenye meza ya sarafu za karibuni. Walishangaa kuona shilingi 40 ya 2003 yenye sura ya Kibaki, maana wao wamezoea twiga, kifaru, simba na ndovu wa 2018. Mwenye meza aliwaeleza kwamba Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu kwenye noti na sarafu. Somo zuri, na hakuwauzia kitu.

Sasa ile nyota niliyobana. Taa za ukumbi zilikuwa za manjano na hafifu, na kwa taa hizo huwezi kutofautisha kutu ya kweli na rangi ya umri. Tulilazimika kubeba sarafu hadi dirishani, jambo ambalo wauzaji wengine hawakulifurahia. Meza kadhaa hazikuwa na bei, ikawa unakadiriwa kwa viatu ulivyovaa. Na vifuko vingi vilikuwa vya plastiki laini, ile inayotoa unyevu wa kijani baada ya muda na kuila sarafu. Kwa joto hili la ziwani, ukinunua sarafu ndani ya kifuko hicho, itoe siku hiyo hiyo uiweke kwenye kadi yenye dirisha au plastiki ngumu.

Saa nane wauzaji walipumzika, nasi tukabadilishana za ziada kwenye kona ya chai. Nilikuwa na shilingi mbili za 1942 zenye herufi I, alama ya Bombay, kwa kuwa wakati wa vita kazi ya kuchapa sarafu zetu ilipelekwa huko, na kule Pretoria pia. Dada mmoja wa Bungoma alikuwa na peni mbili za 1945 zenye SA ya Pretoria. Tulibadilishana sarafu kwa sarafu, hakuna aliyeongeza pesa. Ukienda, beba za ziada zako, lenzi, na noti ndogo ndogo, maana mtandao wa kulipia kwa simu ulikatika mara kwa mara na chenji ilikuwa ya kutafuta.