Ushauri wa wajawazito mlangoni wakati wa Korona: tathmini kutoka Wete

Korona ilipoingia Zanzibar mwezi Machi 2020, nilikuwa na mimba ya miezi mitano hapa Wete, na maneno ya kunitisha yaliyonifikia kwa WhatsApp yalikuwa mengi kuliko ya kunifaa. Ndiyo maana naipa alama ya juu huduma ya wahudumu wa afya wa kujitolea wa shehia yetu. Bi mmoja alinijia barazani, kavaa barakoa, akiniuliza maswali moja baada ya moja kutoka kwenye simu yake, kisha akanieleza kuwa kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, kutokwa na damu au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kwenda kituoni siku hiyo hiyo, Korona iwepo isiwepo. Nilipomwuliza habari za kujifukiza hakunicheka. Alisema joto kali halimfai mjamzito, akanisihi nisiache kliniki, kwa kuwa tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane.

Kasoro ni kwamba hakuacha karatasi yoyote, hivyo mume wangu, aliyekuwa dago (kambi ya wavuvi), aliyapokea yote kupitia kumbukumbu zangu, ambazo wakati ule (waliobeba mimba wananielewa) hazikuwa za kutegemewa.